Baba Ananibeba Mgongoni

Nyakerario alipanda mlima ule kila siku na mzigo mgongoni. Asubuhi mzigo ulikuwa binti yake, Bitutu, akimpeleka shuleni. Mchana mzigo ulikuwa kikapu cha majani ya chai, akikipeleka kituo cha kununulia majani, juu barabarani, upande wa Ikonge. Kikapu kilikuwa kizito zaidi. Lakini kikapu hakikuhema.

"Baba, nishushe," Bitutu alisema asubuhi moja. "Watoto wananicheka."

"Waache wacheke. Wao hawanilipi nauli."

"Na mimi nakulipa nauli gani?"

"Nauli yako ni kunishika shingo bila kuninyonga."

Bitutu alicheka kidogo, kisha akanyamaza. Kucheka pia kulimchosha. Alikuwa na umri wa miaka minane, lakini mwili wake ulikuwa wa mtoto wa miaka mitano. Akitembea hatua chache, midomo yake ilianza kugeuka rangi.

Msomaji wa mbali asishangae kusikia mtoto akimwita mama yake baba. Huku Nyamira na Kisii, kwa lugha ya Ekegusii, mama ndiye huitwa baba. Baba mzazi huitwa tata. Tata wa Bitutu, marehemu Makori, alifariki mtoto akiwa bado hajaota meno.

Daktari wa Kisii alikuwa amesema wazi. Moyo wa Bitutu ulikuwa na tundu. Dawa zingemsaidia kwa muda tu. Tundu lenyewe lilitaka kuzibwa kwa upasuaji, katika hospitali kubwa, mbali. Tena lizibwe mapema, kabla mapafu hayajaharibika. Bima ya afya ya serikali ingelipa sehemu. Sehemu iliyobaki ilikuwa kubwa kuliko bonasi za mwisho wa mwaka za majani ya chai kwa miaka mingi.

Ndugu walikuwa wamechanga. Kanisa la Sabato lilikuwa limechanga. Ng'ombe alikuwa ameuzwa. Bado haikutosha.

Jumapili moja alikuja Lavender. Huyu ni binti wa kaka wa marehemu Makori, msichana wa chuo, mwenye simu ya kupangusa na maneno mengi. Alimkuta Nyakerario akimenya ndizi za kupika.

"Anti, unasumbua watu walewale kila mwezi," alisema. "Mzee Onyiego wa kanisa atoe mara ngapi? Ng'ombe wake naye auzwe? Tuombe mtandaoni."

"Tumwombe nani?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu tu, Anti! Wa Nairobi, wa Mombasa, hata wa ng'ambo. Wengi wanachanga huko. Unaweka habari za mtoto, unaweka namba, wanatuma."

Nyakerario aliweka kisu chini. "Jirani nikimwomba, kesho naye ataniomba. Akifiwa nitampelekea mkungu wa ndizi. Nitamlilia mtu wake. Sasa huyo wa Mombasa, hanijui, simjui, sijawahi hata kumpa pole. Nimwombe kwa uso gani?"

"Hapo ndipo uzuri ulipo. Hawakujui, kwa hiyo hawatakusengenya."

Nyakerario alicheka bila kupenda. Moyoni alikuwa na hofu. Kumwomba mgeni pesa, kwake, kulikuwa sawa na kusimama kando ya barabara na mkono wazi. Lakini aligeuka akamwona Bitutu. Mtoto alikuwa amekaa mlangoni, akiwatazama wenzake wakiruka kamba. Alikuwa akiwahesabia tu.

"Haya," alisema. "Lakini usimfanye mtoto wangu ombaomba."

Lavender hakupoteza wakati. "Bitutu, vaa ile sweta ya shule iliyoraruka."

"Lakini niko na ingine nzuri."

"Leo tunataka ile mbaya."

Alimkalisha jikoni, karibu na ukuta wenye moshi. "Sema kwa Kiswahili, Kenya nzima isikie. Usiogope."

Bitutu alikohoa kidogo. Akasema, "Naitwa Bitutu Makori. Niko gredi ya pili. Moyo wangu uko na tundu. Siwezi kupanda mlima. Baba ananibeba mgongoni kila siku. Baba amechoka sana. Tafadhali mnisaidie."

Lavender alijifuta macho. "Hapo kwa baba umenimaliza kabisa!"

Nyakerario naye alilia. Alisikia mtoto wake akimtaja yeye, na akasikia vizuri. Wote jikoni mle walisikia vizuri. Hakuna aliyesikia kosa.

Kisha Lavender akaandika maneno chini ya video. Aliandika haraka, vidole vikikimbia.

"Umeandika nini?" Nyakerario aliuliza. Maandishi yale yalikuwa madogo sana kwa macho yake.

"Nimeandika vile inafaa, Anti. Usijali."

Alikuwa ameandika hivi: Bitutu ni yatima. Baba yake alifariki. Hana ndugu wa kumsaidia. Wanalala njaa. Kisha akaweka namba ya simu ya Nyakerario.

Simu ya Nyakerario ilikuwa ndogo, ile ya kubonyeza yenye tochi. Jioni ilianza kulia. Ujumbe mmoja wa pesa, kisha mwingine. Majina ambayo hajawahi kuyasikia. Alimwita Bitutu amsaidie kuyasoma, na kila jina waliliombea. Mengine walishindwa kuyatamka, wakayaombea hivyo hivyo.

Mwanamke mmoja alipiga simu kutoka Voi. "Mama, nimetuma kidogo tu," alisema. "Sina kingi. Lakini na mimi niliwahi kumlaza mtoto hospitalini. Najua vile kiti cha wodi kinauma mgongo."

Nyakerario alimshukuru kwa machozi. Siku ile mawazo yake kuhusu wageni yalianza kubadilika. Kumbe mtu anaweza kukuhurumia bila kuijua nyumba yako.

Wengine hawakuwa na huruma. Mwanamume mmoja alipiga kwa sauti tamu kama ya mhubiri. "Mama, sisi ni shirika. Tunataka kukulipia upasuaji wote. Nitajie tu ile namba yako ya siri ya M-Pesa, tukufungulie njia."

"Njia gani hiyo inayofunguliwa kwa siri yangu?"

"Ni utaratibu tu, mama."

"Basi utaratibu wako uanze na namba yako ya siri. Nitajie wewe kwanza."

Simu ikakatwa. Nyakerario alijipongeza. Alidhani hatari yenyewe ilikuwa ile, na kwamba ameshaivuka.

Siku chache baadaye, akiwa katikati ya majani ya chai, simu ililia tena.

"Halo! Ni mama Bitutu?"

"Ndiyo, ni mimi. Mungu akubariki."

"Akubariki wewe, mwizi mkubwa! Mume wako umemzika kwa maandishi, kumbe yuko hapo anabeba mtoto!"

"Mume wangu?" Kikapu kilimlemea ghafla. "Mume wangu yuko kaburini, hapa nyuma ya nyumba."

"Kaburi lina mgongo?"

Simu ikakatwa. Ikalia tena, sauti nyingine, tusi lingine. Watu walimwita tapeli. Walimwita muuza mtoto. Mmoja alimuuliza kama mume wake hufufuka siku za soko tu. Nyakerario alisimama kati ya michai. Hakuelewa hata neno moja.

Jioni alimpigia Lavender. Msichana alikuwa analia.

"Anti, mambo yameharibika. Kuna mtu amekata ile video akaisambaza. Wanasema tata hakufa."

"Nani amewaambia tata hakufa?"

"Sijui, Anti! Nilishtuka nikafuta kila kitu. Sasa wanasema, mmeona, wamekimbia."

Pesa zilikauka kama mto wa kiangazi. Matusi hayakukauka. Siku iliyofuata Bitutu alirudi kutoka shuleni na swali. Wanafunzi wakubwa walikuwa wameiona video kwenye simu za nyumbani, na sweta ile ilikuwa na jina la shule. "Wananiita mtoto wa matapeli," alisema. "Baba, tapeli ni nini?"

Nyakerario aliizima simu, akaisukuma chini ya godoro. Akajiambia kwamba simu ndiyo iliyomleta adui nyumbani, na simu ikifa, adui atapotea.

Hapo ndipo alipokosea tena.

Mzee Onyiego alikuja kwa mguu, amevua kofia, suruali imelowa umande. Alikuwa mzee wa kanisa, na namba yake ilikuwa imeandikwa hospitalini pamoja na ya Nyakerario.

"Nyakerario, simu yako imekufa?"

"Nimeiua mwenyewe, mzee."

"Basi ifufue. Hospitali kubwa wanakutafuta tangu juzi. Kuna nafasi ya kumpasua Bitutu mwisho wa mwezi huu. Wanataka kujua kama sehemu yenu ya pesa itakuwa tayari. Usipojibu, nafasi watampa mtoto mwingine. Na wewe utarudi nyuma ya mstari."

"Mstari huo ni mrefu?"

Mzee Onyiego alimtazama Bitutu, kisha akatazama chini. "Ni mrefu kwa mtoto kama huyu."

Nyakerario aliitoa simu chini ya godoro. Alipiga hospitalini. Mwanamke wa huko alimsikiliza kwa upole. Akampa muda hadi wiki inayofuata, basi.

Kulikuwa na siku ya soko Keroka. Nyakerario alikwenda na ndizi zake kama kawaida, akazipanga kwenye baraza la duka la Luul Farah. Luul aliuza mapazia na mashuka. Wazazi wake walikuwa Wasomali, lakini yeye alizaliwa Keroka, na alizungumza Ekegusii mpaka wauza ndizi walisahau kwamba si mtu wa kabila lao.

"Mama Bitutu," Luul alisema, "leo unauza ndizi kama mtu anayeziogopa. Nini?"

"Mama Zaki, niache tu," Nyakerario alisema, akimwita Luul kwa jina la mwanawe.

"Nikikuacha utalia hapa barazani, na wateja wangu watadhani ni bei ya mapazia."

Nyakerario alimweleza yote. Luul alitoa simu yake. Video ile iliyokatwa, pamoja na maandishi yake, ilikuwa imefika hata kwenye kikundi cha wafanyabiashara. Akaicheza. Ghafla akapiga kicheko, kisha akaziba mdomo.

"Unacheka nini?" Nyakerario aliuliza kwa uchungu.

"Nisamehe, ndugu yangu. Sikucheki wewe. Sikiliza tena. Lakini usisikilize kwa masikio ya Ikonge. Sikiliza kama mtu wa Mombasa."

Sauti nyembamba ya Bitutu ikasema: Baba ananibeba mgongoni kila siku.

"Nani anambeba?" Luul aliuliza.

"Mimi."

"Sasa yule wa Mombasa amesikia nani?"

Nyakerario alifungua mdomo. Kisha akashika kichwa kwa mikono miwili. "Nyasae!" alisema, kumwita Mungu kwa lugha ya kwao. Akakaa juu ya gunia.

"Mimi mama yangu nilimwita hooyo," Luul alisema. "Nilipokuwa mdogo, nikiwasikia watoto wa hapa sokoni, niliuliza nyumbani: hawa watu wana akina baba gani wanaovaa leso?"

Nyakerario alicheka huku akilia. "Basi ni neno tu! Tuwaambie ni neno tu. Wataelewa."

Luul hakucheka sasa. "Neno ni kosa dogo. Lakini soma hapa chini. Imeandikwa hana ndugu. Lavender ni nani wako? Mzee Onyiego ni nani? Imeandikwa mnalala njaa. Hizi ndizi ni za nani?"

"Nani ameandika hivyo?"

"Ni maneno mliyoyatuma."

Nyakerario aliomba asomewe tena, polepole. Aliona aibu kuliko siku aliyotukanwa.

"Jirani akikuchangia, amekuona," Luul alisema. "Anajua mlango wako. Anajua kaburi la mume wako liko wapi. Mgeni hajui chochote. Ana maneno yako tu. Lile la baba lilikuwa kweli, likasikika kama uongo. La njaa lilikuwa uongo. Yeye atayatenganisha vipi, akiwa huko aliko?"

"Kwa hiyo walinitukana kwa haki?"

"Matusi si haki. Lakini wasikilize na wao. Mwaka jana mimi na dada zangu tulichangia mtoto wa picha. Tulituma mara mbili. Kumbe picha ilikuwa ya mtoto wa nchi nyingine, na mtu ameila pesa. Nililala nikiwa na hasira. Angenipigia mtu siku ile na kuniomba, hata awe mkweli, ningemtukana. Walioumwa na nyoka wanaogopa hata kamba."

Mteja aliingia kuuliza bei ya pazia. Luul akamhudumia, akarudi, akakaa barazani kando ya ndizi.

"Nifanye nini sasa?" Nyakerario aliuliza. "Ninyamaze? Nafasi inaondoka."

"Usinyamaze. Kuomba si dhambi. Ukiwa na shida ya kweli, omba, lakini umpe mgeni kitu cha kushika. Barua ya daktari unayo?"

"Iko nyumbani, imefungwa kwa nailoni."

"Hiyo ndiyo ya kwanza. Ya pili, piga hospitalini. Waulize kama mtu anaweza kulipa moja kwa moja kwao, kwa jina na namba ya faili ya Bitutu. Pesa isipopita mkononi mwako, hakuna atakayesema umeila."

"Na hizi zilizokwisha kuingia kwangu?"

"Umezigusa?"

"Sijagusa hata ya sabuni."

"Zipeleke zote huko, uchukue risiti. Kisha tafuta watu wawili wakusimamie, si mmoja. Mimi niko, na Mzee Onyiego. Wageni wawe na mtu mwingine wa kumuuliza, asiyekuwa wewe. Na yule mtoto, mama, usimweke tena mbele. Sweta ya shule! Mtu yeyote mbaya anaweza kuifuata sweta mpaka getini."

Nyakerario alishtuka. Hilo hakuwahi kuliwaza. "Lakini Lavender anasema bila sura ya mtoto hawatoi."

"Kwani moyo wake uko usoni? Wewe ndiye mama. Omba wewe."

Jioni ya kesho yake, hospitali ikiwa imekwisha kukubali kulipwa moja kwa moja, walikutana nyumbani kwa Nyakerario. Luul alikuja, na Mzee Onyiego, na Lavender. Msichana aliketi karibu na mlango kama mtu anayetaka kukimbia.

"Nilitaka tu walie," alisema. "Watu hawatoi bila kulia."

"Walilia, binti yangu," Mzee Onyiego alisema. "Wakalia mpaka wakatutukana."

Lavender aliinamisha kichwa. Nyakerario alimsogezea kikombe cha chai. "Usilie na wewe. Mtoto ni wako pia, ndiyo maana ulikimbilia kusaidia. Lakini uliniandikia njaa ambayo sina. Siku nikiwa nayo kweli, nitaisema na nani ataniamini? Sasa shika hiyo simu. Wewe ndiye unayejua kuitumia. Leo nasema mimi."

Lavender alifuta macho, akainua simu. "Anti, jifunge kitambaa kizuri."

"Kizuri? Si tulitaka kile kibaya?"

Wote walicheka, hata Lavender. Nyakerario alijifunga kitambaa chake cha Sabato. Akasimama nje, mbele ya ukuta mtupu. Mwanzoni aliharibu, akaanza upya.

"Mimi ni Nyakerario," alisema. "Mimi ndiye yule baba. Kwetu, mama anaitwa baba. Yule anayembeba Bitutu mgongoni ni mimi. Mume wangu Makori alikufa kweli. Lakini tuliandika mambo mawili ambayo si kweli. Tuliandika hatuna ndugu. Tunao, na wamechanga. Tuliandika tunalala njaa. Hatulali njaa. Nawaomba msamaha. Sasa nasema lililo kweli. Moyo wa mtoto wangu una tundu. Bima italipa sehemu, na sehemu inabaki. Barua ya daktari ni hii. Usinitumie mimi. Lipa hospitalini, kwa namba hii ya faili. Ukitaka kuuliza, muulize mzee huyu au mama huyu, wamekubali, na namba zao ni hizi. Na kama ulituma zamani na moyo wako haujatulia, sema, nitakurudishia."

Hakusema zaidi. Lavender hakuongeza neno. Kwanza walifunika jina la kijiji na namba ya kitambulisho kwenye ile barua. Ndipo wakaituma video.

Usiku ulipita kimya. Asubuhi mtu mmoja wa Nyamache, huku huku Kisii, aliye mbali kikazi, akaandika: "Ni kweli kabisa! Mimi mpaka darasa la nne niliandika kwenye insha kwamba baba ananyonyesha mtoto. Mwalimu alinichapa." Watu wakacheka. Mwingine akaongeza la kwake, kisha mwingine. Video ikaanza kusafiri tena, na safari hii ilisafiri na kicheko. Wengine walimpigia Luul kumhoji. Wengine walimpigia Mzee Onyiego, naye aliwajibu wote kwa maombi marefu mpaka wakakata wenyewe.

Mtu mmoja aliomba arudishiwe pesa zake. Nyakerario alimrudishia siku ile ile, bila kumuuliza sababu, na zilizosalia akazituma hospitalini.

Kisha simu ikalia. Sauti aliijua mara moja.

"Mama, ni mimi niliyekuuliza kama kaburi lina mgongo."

Nyakerario aliisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Naomba unisamehe."

"Ulikuwa unailinda pesa yako," Nyakerario alisema.

"Hapana, mama. Hata sikuwa nimetuma kitu. Nilikuwa natukana tu."

"Basi nimekusamehe na hilo."

Kabla muda waliopewa haujaisha, mwanamke wa hospitali alipiga. Sehemu iliyobaki ilikuwa imelipwa. Bitutu alikuwa na nafasi yake.

Upasuaji ulikuwa mrefu. Nyakerario alikaa kwenye kiti cha wodi, akaujua ule uchungu wa mgongo aliotajiwa na mwanamke wa Voi. Daktari alipotoka, alikuwa amechoka lakini anatabasamu. Tundu lilikuwa limezibwa. Bitutu alipofumbua macho vizuri, aliomba uji. Midomo yake ilikuwa na rangi ambayo mama yake hakuwahi kuiona juu yake. Nyakerario alimwita muuguzi aje atazame, akidhani kuna tatizo.

"Ndiyo rangi yenyewe hiyo, mama," muuguzi alisema. "Ni damu nzuri."

Lavender alipiga simu siku iliyofuata, sauti imejaa furaha. "Anti, huwezi amini! Watu bado wanauliza namba yako. Hospitali imetosha, lakini wanataka kukutumia wewe mwenyewe. Wamekupenda. Niwape?"

Nyakerario alifikiria paa la nyumba yake. Mvua ikinyesha, sufuria tatu hukaa sakafuni kukinga maji. Alifikiria ng'ombe aliyeuzwa. Alifikiria namba ile ndogo tu, ambayo Lavender angeiandika kwa vidole vyake vya haraka, na mabati yangekuja yenyewe.

"Anti? Uko?"

"Niko. Usiwape."

"Lakini wanataka wenyewe! Hatujamdanganya mtu sasa."

"Waliombwa moyo, Lavender. Hawakuombwa mabati."

"Kwani mabati si shida ya kweli?"

"Ni ya kweli. Siku nikitaka mabati, nitaomba mabati kwa jina la mabati. Leo andika neno moja: imetosha. Weka risiti. Washukuru. Waambie kama wana moyo, wodi hii imejaa watoto, wamuulize afisa wa hospitali."

Lavender alivuta pumzi, kisha akaandika. Watu wengi walishangaa kuliko walivyoshangaa kuhusu lile neno baba. Walikuwa wamezoea kuombwa. Hawakuzoea kuambiwa imetosha. Kabla ya Bitutu kuruhusiwa kutoka, watoto wengine wawili wa wodi ile walikuwa wamelipiwa na watu wasiowajua.

Msimu wa mvua ulipokwisha, mwanamke mmoja alifika kwa Nyakerario, ametoka mbali, amembeba mtoto kwa leso. Mtoto alikuwa na uvimbe shingoni. Mkononi mwanamke alishika simu ya kupangusa, iko tayari.

"Nimeambiwa wewe ndiye unajua," alisema. "Mpwa wako anirekodi leo leo. Mtoto nimemfundisha vile atasema."

"Weka simu chini kwanza, dada. Kunywa chai. Barua ya daktari unayo?"

"Ninayo."

"Hospitali umewauliza bima italipa nini?"

"Hapana."

"Tutawauliza. Lavender atakurekodi, lakini utasema wewe, si mtoto. Na nataka uje na mtu wa kukusimamia. Asiwe rafiki yako. Nataka mtu anayeweza kukuambia hapana."

Mwanamke alifikiria sana, kikombe mkononi.

"Hapo labda mama mkwe," alisema.

Nyakerario alicheka mpaka chai ikamwagika. "Huyo ni kamati nzima," alisema. "Kesho njoo naye."